Njia ya Msambweni Haikufupika

Niliachwa talaka moja, na sababu yake ilikuwa tairi nne. Hili siwaambii watu. Nikisema "hatukuelewana" huridhika, hutikisa kichwa, wakaendelea na safari zao. Lakini ukweli ni tairi, na mimi mwenyewe niliujua siku kumi na tisa baada ya kuachwa.

Niliolewa na Luqman mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo. Nilisomea upimaji wa ardhi, nikitumai kupata kazi Kwale, kwenye ofisi za ardhi, lakini kazi haikutokea. Nikahamia kwake Ukunda, chumba na sebule nyuma ya Kona ya Musa, mahali ambapo unasikia makondakta wakiita watu kutwa nzima na hakuna hata mmoja anayekuita wewe.

Luqman alikuwa na Probox ya kijivu. Alitoka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kuchukua wafanyakazi wa hoteli za Diani, mchana akabeba wagonjwa na jamaa zao kwenda hospitali ya Msambweni, jioni akawarudisha wale wa hoteli. Alipofika nyumbani alikuwa amesema na watu kutwa na maneno yamemwishia. Alikula, akaniuliza, "Kwema?" nikamjibu, "Kwema," akalala. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke mapema.

Mimi sikuwa na mtu wa kusema naye, na hata ningekuwa naye nisingesema mengi. Ndivyo nilivyo. Chuoni mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nililiandika kwenye daftari na kulifunika kwa mkono.

Jioni, Luqman akishaegesha gari na kwenda msikitini kuswali isha, nilikuwa nikitoka, nafungua mlango wa gari, nakaa kwenye kiti chake. Kiti kilikuwa bado na joto. Nilitazama dashibodi. Kwa mtu aliyesomea kupima, namba ni habari, nami nilizisoma kama mtu anavyosoma barua. Kilomita themanini ilikuwa siku ya kawaida. Mia na hamsini, alifika Lungalunga. Kisha wakati wa chakula namwuliza, "Leo kulikuwa na mtu wa Lungalunga?" Anaacha tonge njiani, ananitazama.

"Wewe una majini?"

"Sina."

"Basi nani amekwambia?"

"Nimeota tu."

Anacheka. Katika siku nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu, na niliyapenda mno. Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa nikiyatoa kwenye gari lake.

Alijaza tangi kila Alhamisi jioni. Tangi moja lilimfikisha Alhamisi nyingine, kilomita mia tano na sitini hivi, hazizidi sana, hazipungui sana. Nililijua hilo kama ninavyojua idadi ya vikombe vyangu.

Kabla ya masika alikuja na tairi mpya. Zilikuwa nyeusi, nene, zenye meno, na gari lilikuwa limeinuka kama mtu aliyevaa viatu vya kazi.

"Zimependeza," nilimwambia.

"Gari limepanda, sivyo?"

"Limepanda."

Tukaishia hapo. Alifurahi, nami nikafurahi kwa kuwa amefurahi, nikaingia ndani kugeuza mkate wa sinia.

Wiki iliyofuata, Jumatano, mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Nilidhani hakujaza vizuri. Alhamisi ikapita, akajaza, Jumatano ukalala tena. Nikaangalia kilomita: mia nne na arobaini. Nikaona pia jambo jingine lililonishangaza zaidi. Siku zake za kawaida, zile za kilomita themanini, sasa zilikuwa sabini na nne, sabini na tano. Anatoka saa zile zile na kurudi saa zile zile, anakwenda pungufu, na anachoma mafuta zaidi.

Nilikaa kwenye kile kiti, na kwa mara ya kwanza namba zikaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia.

Jirani yangu aliitwa Rispah, mtu wa bara, mfua nguo wa hoteli. Ndiye pekee aliyegonga mlango wangu, kuomba chumvi, kuazima pasi, au kulalamika tu. Siku moja alinikuta na daftari nimeandika namba za wiki nne, safu mbili, akalichukua kabla sijalifunika.

"Hii ni nini, hesabu za chuo?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu aliuliza.

Rispah aliketi, akavua viatu. "Twaiba, wewe ni mtu umesoma, lakini wacha nikuambie kitu. Gari haiwezi kunywa petroli ikiwa imelala. Kilomita zimepungua, mafuta imeongezeka, si ndiyo? Basi hiyo gari inasimama mahali ikiwa imewashwa. AC iko juu. Na sijaona mwanaume wa kuwashia AC yeye mwenyewe."

"Labda injini ina kasoro."

"Injini!" Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mrembo, hiyo injini ina jina na inapaka wanja."

Nilicheka naye. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa chini nikiwa nimeegemea friji.

Ningemwuliza mwenyewe, nusu saa ingetosha. Nilijaribu. Usiku mmoja nilimwita, "Luqman."

"Naam."

Nilikuwa nimeyapanga maneno kutwa. "Siku hizi… unachoka sana?"

"Kidogo," alisema. "Masika haya, barabara zimekuwa maji tupu." Akageukia ukutani.

Kwetu pwani, mke akiwa na neno zito juu ya mumewe ana njia ya kulipitisha: hulipeleka kwa wazee wake, nao wakaliingiza nyumbani kwa adabu. Baba yangu alikwisha fariki. Aliyebaki ni ndugu yake, Ami Sharif, anayekaa Gazi, mtu mpole anayependa kheri na wali. Niliichana ile karatasi ya namba kwenye daftari, nikampelekea. Sikusema lolote, nilimpa tu, kama mtu anayempa daktari majibu ya maabara. Hilo ndilo kosa langu, na nililifanya kwa kuona haya. Niliona haya kumwuliza mume wangu swali moja tukiwa wawili, nisione haya kumwandikia jedwali likasomwe na watu.

Ami alikuja Ijumaa baada ya swala, yeye na Mzee Iddi wa msikitini kwao. Nilipakua pilau, nikakaa nyuma ya pazia la chumbani.

"Mwanangu Luqman," Ami alianza, "hatukuja kwa ubaya."

"Karibuni, ami. Nyumba ni yenu."

"Kuna jambo la petroli."

Nilimsikia Luqman akicheka. Nadhani alidhani Ami anataka kupelekwa mahali. Kisha nikasikia karatasi ikifunguliwa.

"Hii hati ya nani?"

Ami akajikohoza.

"Ami, hii hati ni ya nani?"

"Ni ya mkeo. Usikasirike. Wanawake wana wasiwasi, ndivyo walivyoumbwa. Wewe uondoe tu. Msahafu ule pale juu. Apa kwamba huna nyumba nyingine, tule wali wetu, twende zetu."

Luqman alikuwa akiisoma yote, wiki nne, safu mbili, na tarehe nilizozipigia mstari kwa rula.

"Ami," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "mke wangu akiniuliza, nitamjibu. Hajaniuliza."

"Anaona haya, mwanangu."

"Haya ya kuuliza anayo, ya kuandika hana?"

Mzee Iddi akaingilia, "Kiapo si tusi, kijana. Mtu asiye na jambo huapa akamaliza."

"Mimi simshiki Mungu kwa ajili ya petroli. Msahafu ule naufungua kila alfajiri kabla sijashika usukani. Leo niushike kwa sababu ya mshale wa mafuta?"

"Anayekataa kuapa," Mzee Iddi akasema, "ana alilolificha."

Hapo nilitakiwa kutoka. Pazia lilikuwa mbele ya uso wangu. Ningesema, "Basi, inatosha, nimemwamini." Maneno matatu tu. Niliyahesabu. Bado nilikuwa nikiyahesabu aliposimama.

"Twaiba binti Kassim," aliniita kupitia lile pazia, "nimekuacha talaka moja."

Wali ulibaki kwenye sinia. Ami Sharif alishika kichwa. Sijapata kumwona amezeeka ghafla kama siku ile. Alitueleza kwamba talaka ni moja tu, kwamba nina eda ya tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi, na kwamba ndani ya eda Luqman akisema "nimekurejea" basi nimerudi, bila mahari na bila sherehe. Eda ikiisha, akinitaka itabidi aje apose na kufunga ndoa upya kama mtu mgeni. Akasema pia kwamba eda hukaliwa nyumbani kwa mume. Luqman akajibu kwamba yeye atalala kwa rafiki yake, mimi nibaki.

Mimi ndiye niliyetaka kwenda kwa mama, Msambweni. Nisingeweza kukaa kwenye kile chumba na yale niliyoyafanya.

Alinipeleka mwenyewe. Ami alikaa mbele, mimi nyuma na begi langu. Macho yangu, kwa mazoea tu, yalikwenda kwenye dashibodi tulipoondoka na tulipofika. Kilomita ishirini na sita. Siku zote, toka mlango wetu hadi mlango wa mama, zilikuwa ishirini na nane. Niliona, na sikufikiri kitu. Nilikuwa nalia.

Luqman alishusha begi langu, akamwamkia mama, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, baba. Karibu." Hakuingia. Aligeuza gari, akaondoka.

Siku za eda ni siku za kukaa. Nilimsaidia mama kushona. Yeye ni mshonaji wa madira, cherehani chake kiko uani chini ya kipande cha bati. Hakuniuliza kitu. Usiku aliniwekea maji ya kuoga kama nilipokuwa mdogo. Mchana, wateja wakija, niliingia ndani. Kulikuwa na ukimya wa namna ambayo sikuwa nimeijua Ukunda. Kule nilikuwa nikimngoja mtu, na kungoja ni kazi, humshughulisha mtu. Hapa sikujua kama nina ninayemngoja.

Nilikuwa nikiirudia ile safari. Nilikumbuka mgongo wa Ami, mikono ya Luqman kwenye usukani, mvua ya rasharasha. Siku ya kumi na tisa nilikuwa nashona pindo, nikiwaza kuhusu ile safari, nikafika kwenye zile namba. Ishirini na sita.

Mkono ukasimama.

Njia ya Msambweni haikufupika. Hakuna njia mpya, hakuna daraja jipya. Ni barabara ile ile, na kuna kilomita mbili ambazo sijui zimekwenda wapi.

Chuoni tulikuwa na gurudumu la kupimia, la kusukuma kwa mkono, linalohesabu mizunguko. Siku moja tulipima uwanja wa mpira baada ya mvua. Kundi letu lilipata uwanja mfupi kuliko wenzetu wote, na mwalimu akatuonyesha sababu: tope zito lilikuwa limeganda kuzunguka gurudumu lote. Gurudumu limenenepa. Likinenepa linazunguka mara chache zaidi kwa mwendo ule ule, na lenyewe halijui kwamba limenenepa. Linahesabu kama zamani.

Nilisimama na utepe wa mama wa kupimia nguo mkononi, nikaenda kisimani.

Luqman alipobadilisha tairi, mbili kati ya zile kuukuu alimletea mama, za kuwekea ndoo pale kisimani ili zisipinduke. Nilipiga magoti kwenye tope, nikazungusha utepe kwenye tairi moja. Mama alisimama mlangoni, sindano mdomoni, akinitazama nikiipima tairi kiuno.

"Unaishonea nini hiyo?"

"Mama, ngoja kidogo."

Sentimita mia moja tisini na nne.

Namba ya fundi wa tairi niliipata kwa Rispah. Aliitwa Kitsao, kibanda chake kiko ng'ambo ya stendi. Nilishika simu muda mrefu kabla ya kupiga, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumpigia mwanamume nisiyemjua. Alipopokea nilijitaja.

"Mke wa Luqman! Karibu, dada. Gari lina nini?"

"Halina kitu. Nilitaka kuuliza tu zile tairi ulizomwekea zina mzunguko gani. Kama unayo nyingine kama zile, uipime."

"Mzunguko?" Akacheka. "Dada, tangu nianze kazi hii hakuna aliyeniuliza mzunguko. Watu wanauliza bei na kama ni za Japani. Haya, subiri." Nikamsikia akigongagonga vitu. "Mia mbili na tisa."

Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti la kukatia mitindo. Ishirini na nane mara mia moja tisini na nne, gawanya kwa mia mbili na tisa. Jibu lilikuwa ishirini na sita, kasoro unywele.

"Na mafuta?" nikauliza.

"Mafuta lazima yapande. Zile ni tairi za kubebea mzigo, dada, nzito, meno yake makubwa. Injini inazisukuma kwa nguvu. Halafu upepo. Zile zinataka upepo mwingi, hamsini hata sitini. Bwana'ko anataka thelathini kama zamani, anasema zikiwa ngumu zinawarusha wagonjwa. Sasa tairi nzito ikiwa laini, gari linakwenda kama mtu anayetembea kwenye mchanga. Nilimwambia, Luqman, petroli utaikimbilia. Akasema shauri yake."

"Kwa nini alizitaka?"

"Si njia ya ukweni kwake? Kule Msambweni, ile yenye mawe. Alisema tangi linakwaruzwa kila akimpeleka mkewe kwa mamake, na masika ikiingia itabidi amshushe barabarani atembee kwenye maji. Kwani hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema. Huo ulikuwa uongo.

Nilikaa kisimani mpaka mama akaja kunishika bega.

Sikuweza kumpigia. Nilimwandikia ujumbe, na kwa kuwa sijui kuandika mengine, niliandika namba. Tairi ya zamani, 194. Mpya, 209. Kilomita zinapungua bila mwendo kupungua. Mafuta yanaongezeka kwa uzito na upepo pungufu. Chini nikaandika, "Nisamehe." Nilifuta, nikaandika tena, nikatuma.

Alikuja baada ya siku tano. Alikuwa amemleta mgonjwa hospitalini, akapitia. Mama alimwekea kiti uani, naye akajisogeza kwenye cherehani chake, karibu ya kutosha kusikia, akawa anashona bila kukanyaga pedali. Mimi nilikaa kizingitini.

"Nimepata hesabu zako," Luqman alisema.

"Naam."

"Nimezisoma. Nzuri. Nimempa Kitsao, ameshangaa, anasema angekuajiri." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini nilijiuliza hesabu hizi ni za nani. Mimi nilikuwa najua sikwenda popote. Sikuhitaji tairi kuniambia."

Nilitazama mikono yangu.

"Nikuulize, Twaiba. Unijibu kweli."

"Niulize."

"Kama usingeipata hii ya tairi. Kama mafuta yangekuwa yanakwisha tu, na hakuna anayejua kwa nini. Ungeniandikia hilo neno la chini?"

Nilijua anachotaka kusikia, na mama alijua, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imesimama kabisa. Nilitafuta ndani yangu jibu la ndiyo, nikalitafuta kwa haki, kila mahali.

"Sijui," nikasema. "Nadhani nisingeandika."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona kwamba ni ile ile aliyoitarajia.

"Ahsante kwa kunijibu," akasema, na aliisema bila kejeli. Akainuka. "Nitafikiri. Mama, kwaheri."

"Mwenyezi Mungu akuongoze, baba," mama akasema.

Alipokwenda, mama hakunigombeza. Alisema tu, "Hata kidogo tu, mwanangu, ungepaka asali kidogo."

"Ameniambia nijibu kweli."

"Ndiyo," mama akasema, akakanyaga pedali.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja, na sasa nilijua ninamngoja nani. Mwezi wa sita ukaingia, mvua zikapungua. Tohara ya pili ikapita, ikaingia ya tatu. Hesabu hii hakuna aliyeijua ila mimi. Ami Sharif alipiga simu kila Ijumaa, akinieleza mambo ya sheria ili asije akanieleza huzuni yake. Alisema mwanamume hawezi kujua eda ya mke imefika wapi, wala kadhi hawezi, na ndiyo maana mwanamke akisema imekwisha, imekwisha, akisema bado, ni bado. Neno lake linapokewa. "Ni amana aliyopewa mwanamke peke yake," akasema, akapiga chafya, akaniuliza kama nakula vizuri.

Kila siku niliamka nikijichunguza kwa hofu. Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba, kabla ya alfajiri, nikaona damu. Kwa madhehebu yetu tohara ya tatu ilikuwa imekatika, na pamoja nayo eda. Nilifua kitambaa changu gizani, nikakitundika nyuma ya nyumba, sikumwambia mama. Nilitaka kuwa na asubuhi moja kabla ya watu kujua.

Saa nne nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo. Simu ikaita. Niliona jina lake, na nikaiacha iite mara tatu.

"Asalaam aleikum, Twaiba."

"Waaleikum salaam."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yupo, anashona."

Nilisikia watu nyuma yake, mwanamke akiuliza kama gari linaondoka, na Luqman akimwambia subiri dakika moja, mama. Kisha mlango wa gari ukafungwa na kukawa kimya.

"Nimefikiri," akasema. "Nimechukua muda mrefu, najua. Jambo lile liliniuma, na bado linauma, sitakuficha. Lakini nyumba imekuwa… Narudi, nasema 'Kwema?' na hakuna mtu. Nataka kukurejea. Ila kwanza nikuulize, kwa kuwa mimi sijui. Ungali edani?"

Uani pale mama alikuwa akipitisha kitambaa chini ya sindano, mgongo kwangu. Hakuna kiumbe aliyejua. Kusema "ningali" ni neno moja, na lingepokewa. Jioni ile ningekuwa Ukunda nikimsubiri. Nilimwona mume wangu akiingia, nikaona tonge limesimama njiani, akicheka. Nilikitaka mno kicheko kile.

Lakini alikuwa ameniuliza. Hakumtuma mtu, wala hakuniambia nishike kitu mkononi. Aliuliza tu, yeye na mimi, akanyamaza asikie.

"Imekwisha," nikasema.

"Lini?"

"Leo. Kabla ya alfajiri."

"Leo?"

"Leo, Luqman."

Nilingoja aseme haiwezekani, au aniulize kama nina hakika, au kwamba namwadhibu.

"Haya," akasema mwishowe. "Nimekusadiki."

Yule mwanamke akagonga kioo cha gari. Luqman akasema, "Wacha nimpeleke huyu," simu ikakatika. Hakusema kama atakuja kuposa, nami sikuuliza.

"Nani huyo?" mama akauliza bila kugeuka.

"Ni Luqman. Alikuwa anauliza jambo."

"Umemjibu?"

"Nimemjibu."

Mama akaendelea kushona. Nilibaki na simu mapajani juu ya ungo. Kioo kikazimika. Nikakiwasha, nikatazama jina lake, na kikazimika tena.